Siemens: Mjerumani Aliyetundika Gari Kwenye Waya

Jina la Siemens si geni kwa watu wa pwani. Aliyepata kulazwa katika hospitali kubwa huenda ameliona limeandikwa kwenye mtambo wa kupigia picha za mwili, na mafundi wa stima wamelizoea kwenye swichi na mota wanazozifungua na kuzifunga kila uchao. Lakini ukiwauliza watu mia Siemens ni nani, nadhani tisini watakujibu kwamba ni kampuni ya Wajerumani, basi. Wachache mno watakaojua kuwa Siemens alikuwa mtu: mwana wa mkulima, yatima aliyelea wadogo zake, mwanajeshi aliyetiwa gerezani, na msafiri aliyevunjikiwa na meli katika Bahari ya Sham.

Maisha yake nimeyasoma zaidi ya mara moja. Wengi wanaoyaandika hukaa sana juu ya simu na dainamo, na haki yao, kwa maana hayo ndiyo yaliyomtajirisha na kumpa sifa. Mimi nina jambo jingine linalonivuta, nalo ni dogo. Katika mwaka wa 1882, kwa muda wa wiki sita na siku chache, mzee huyu alitembeza gari la umeme barabarani, gari lisilo na reli wala farasi, likivuta nguvu zake kutoka nyaya mbili zilizotundikwa hewani. Kisha akaliacha. Ni juu ya jambo hilo, na juu ya watu waliokuja baadaye wakalishika alichokiachilia yeye, ndipo ninapotaka kuzungumza na wasomaji leo. Lakini mtu hatambulikani kwa jambo moja. Tuanze mwanzo.

MWANA WA MKULIMA

Werner Siemens alizaliwa tarehe 13 Desemba, 1816, katika kijiji cha Lenthe, karibu na mji wa Hanover. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani; palikuwa na falme na madola madogo madogo, kila moja na mtawala wake na forodha yake. Baba yake alikuwa mkulima wa kukodi shamba la watu, na nyumba ilijaa watoto. Werner alikuwa wa nne kati ya watoto kumi na wanne. Mwaka 1823 jamaa hiyo ikahamia Menzendorf, katika nchi ya Mecklenburg, baba akitafuta shamba lenye nafuu.

Kijana alipenda hesabu na mambo ya ujenzi, akatamani kusomea uhandisi. Lakini masomo hayo yalihitaji fedha, na fedha nyumbani hazikuwapo. Akaiacha shule ya Lübeck kabla ya kumaliza, akaenda kujiandikisha katika jeshi la mfalme wa Prussia. Hakwenda kwa kupenda vita. Alikuwa amesikia kwamba askari wa mizinga hufundishwa hesabu, fizikia na kemia bure. Baada ya kuanza kazi Magdeburg, alipelekwa katika shule ya mizinga na uhandisi mjini Berlin, akasoma huko miaka mitatu, tangu 1835 hata 1838. Penye nia pana njia.

Mara msiba ukaingia. Mama yake alifariki mwaka 1839, na mwaka uliofuata baba naye akafuata. Werner alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, luteni mwenye mshahara mdogo, na nyuma yake wamo wadogo wanaohitaji chakula, mavazi na shule. Aliubeba mzigo huo. Hapa ndipo ilipo siri ya mambo mengi aliyofanya baadaye. Watu humsifu kwa akili ya uvumbuzi, lakini kilichomsukuma kwanza kuvumbua kitu cha kuuzwa kilikuwa ni matumbo ya ndugu zake. Na hao ndugu hawakumwangusha. Wilhelm alikwenda Uingereza akawa mhandisi mkubwa, Carl akafanya kazi Urusi, na Friedrich akapata sifa kwa matanuri ya kuyeyushia kioo na chuma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

GEREZANI NDANI YA KARAKANA

Kisa cha gerezani ni cha ajabu kidogo. Maofisa wawili wenzake waligombana wakaamua kupigana kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya maofisa wa Ulaya enzi hizo ingawa sheria iliikataza. Werner alisimama upande wa mmoja wao kama msimamizi wake. Habari zikafika kwa wakubwa, naye akahukumiwa kifungo cha miaka mitano katika ngome ya Magdeburg.

Mtu mwingine angekaa akahesabu siku. Yeye aliingiziwa dawa na vyombo kwa siri, akageuza chumba chake kuwa karakana. Alikuwa akitafuta njia ya kupaka dhahabu juu ya chombo cha madini mengine kwa nguvu ya umeme, na humo humo gerezani akafaulu kugeuza kijiko cha kawaida kikawa cha rangi ya dhahabu. Sonara mmoja wa mji huo akanunua haki ya kuitumia njia hiyo. Baada ya muda mfupi msamaha wa mfalme ukafika, na inasemekana mfungwa alihuzunika kuliko kufurahi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa haijamalizika. Mwaka 1842 alipewa hati ya serikali ya Prussia ya kulinda uvumbuzi huo, na mwaka uliofuata Wilhelm aliuza njia hiyo Uingereza. Fedha hizo zikasomesha wadogo.

SIMU YA WAYA

Miaka hiyo simu ya maandishi, yaani telegrafu, ilikuwa jambo jipya. Mwaka 1847 Siemens alitengeneza chombo cha simu chenye mshale uliozunguka na kusimama juu ya herufi, hata mtu asiyejua alama za Morse aliweza kukitumia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo yeye na fundi makanika Johann Georg Halske wakafungua karakana ndogo katika nyumba ya uani mjini Berlin, wakiwa na mafundi kumi. Mkopo ulitoka kwa binamu yake. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Siemens.

Shida kubwa ya simu ilikuwa namna ya kuufunika waya ili umeme usivuje ardhini. Ndugu yake Wilhelm alimletea kutoka London kipande cha utomvu mgumu wa miti ya Malaya, uitwao gutapacha. Ukipashwa moto hulainika, ukipoa hukaza, na maji hayapiti. Siemens na Halske wakatengeneza mashine ya kuukamua utomvu huo ukauzunguka waya wote bila mshono. Kwa ujuzi huo wakaweka simu kutoka Berlin hadi Frankfurt, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mwezi wa Machi 1849, wajumbe waliokutana Frankfurt walipomchagua mfalme wa Prussia kuwa kaisari wa Wajerumani, habari zilifika Berlin kabla ya saa moja kwisha. Mwaka huo huo Siemens akaacha jeshi.

Haikuwa asali tupu. Nyaya zilizofukiwa ardhini bila kina cha kutosha zikaanza kuharibika, lawama zikamwangukia mtengenezaji, na mwaka 1851 idara ya simu ya Prussia ikavunja uhusiano naye. Karakana ingaliweza kufa hapo. Iliokolewa na Urusi, ambako kampuni ilijenga simu ndefu kati ya mwaka 1853 na 1855, wakati wa vita vya Crimea. Kweli hii haifai kufichwa: simu hizo hazikujengwa kwa ajili ya mkulima kumsalimu shangazi yake. Zilijengwa ili amri za wenye nguvu zifike upesi. Waingereza nao, baada ya Wahindi kuinuka dhidi yao mwaka 1857, walitaka kwa haraka waya wa kuwafikisha Bara Hindi. Na hapo ndipo Siemens alipofika katika bahari zetu.

MISRI NA BAHARI YA SHAM

Mwaka 1859 Waingereza walianza kuweka waya chini ya bahari kutoka Suez, ukipita Aden, kwenda Karachi. Siemens alichukuliwa kusimamia upande wa umeme. Akiwa njiani alipitia Misri, na siku moja ya mwezi wa Aprili akapanda juu ya Piramidi Kuu ya Giza. Upepo wa khamsini ulikuwa ukivuma na kurusha mchanga. Alipoinua kidole akasikia kama mvumo na mchomo mdogo, akatambua kwamba hewa imejaa umeme. Akachukua chupa, akaizungushia karatasi mbichi, ikawa ghala ya kukusanyia umeme huo. Waarabu waliowapandisha wageni hao juu waliona mambo hayo wakashuku ni uchawi, wakataka kuwateremsha. Mkubwa wao alipomkaribia, Siemens alimwelekezea chupa ile na cheche ikamruka puani. Bwana yule akaanguka kwa mshtuko, na wenzake wakatawanyika. Siemens mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa furaha. Mimi nikikisoma humwonea huruma yule mzee wa Giza, ambaye alikuwa kazini kwake na hakumkosea mtu.

Bahari ilimlipizia kisasi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, alipokuwa akirudi kutoka Aden kwenda Suez kwa meli iitwayo Alma, meli ilipanda mwamba wa matumbawe usiku, karibu na visiwa vya Hanish, ng'ambo ya Mokha. Hapakuwa na dhoruba, bahari ilikuwa shwari. Nahodha alikosea njia. Meli ikalala ubavu, na abiria wakahamia juu ya mwamba mtupu, bila kivuli, katika joto ambalo kila aliyepita Bahari ya Sham wakati wa kiangazi analijua. Maji yalikuwa haba. Mashua ilitumwa kutafuta msaada, na baada ya siku tatu na ziada manowari ya Kiingereza Cyclops ikatokea na kuwaokoa. Mabaharia wetu wa majahazi, ambao wameijua miamba hiyo tangu enzi za mababu, wataelewa kwamba hapo aliponea chupuchupu.

Waya wenyewe haukudumu. Ulikufa muda si mrefu. Lakini kutokana na kufa kwake Siemens na nduguye Wilhelm walijifunza namna ya kuupima waya wa baharini hatua kwa hatua na kujua ulipokatika, na ujuzi huo ukaandikwa ukatumiwa na wengine. Waya mwingine uliowekwa mwaka 1870 ndio uliofaulu, na mwaka 1879 waya ukateremka kutoka Aden hadi Unguja. Hivyo ndivyo pwani yetu ilivyounganishwa na simu za dunia. Mwaka 1870 huo huo ndugu hao walifungua simu yao kubwa ya nchi kavu kutoka London, kupitia Prussia, Urusi na Uajemi, hadi Tehran, ikaungana na nyingine mpaka Calcutta. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 11,000 hivi, na iliendelea kutumika hata mwaka 1931.

UMEME UNAOFANYA KAZI

Hadi hapo umeme ulitumika kupeleka habari tu. Nguvu ya kusukuma mzigo haikuwapo, kwa kuwa betri zilikuwa ghali na dhaifu. Mwaka 1866 Siemens aligundua kwamba mashine ya kuzalisha umeme haihitaji sumaku kubwa za kudumu. Chuma chake hubaki na sumaku kidogo sana, na ukiizungusha, huo umeme mdogo unaotokea hurudishwa kuiongezea sumaku nguvu, nayo ikaongeza umeme, mpaka mashine ikajaa nguvu yenyewe. Januari 1867 habari hiyo ilisomwa mbele ya wanachuoni wa Berlin. Wengine, kama Charles Wheatstone wa Uingereza, walifika mahali hapo hapo karibu wakati ule ule, nao wapewe haki yao. Lakini Siemens ndiye aliyeona wazi kwamba sasa umeme utakuwa rahisi na utafanya kazi za mikono.

Tarehe 31 Mei, 1879, katika maonyesho ya biashara mjini Berlin, alitembeza gari moshi lisilo na moshi. Mashine ndogo ilivuta mabehewa matatu juu ya njia ya duara ya mita 300, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwa miezi minne watu zaidi ya 86,000 walipanda. Tarehe 16 Mei, 1881 akafungua tramu ya umeme ya Lichterfelde, kando ya Berlin. Humo umeme ulipita katika reli zenyewe, na farasi waliokanyaga reli mbili kwa pamoja wakati wa kuvuka barabara walirushwa. Ilionekana dhahiri kwamba mahali pa umeme ni juu, mbali na miguu ya viumbe.

SIKU ARUBAINI NA SITA

Basi tarehe 29 Aprili, 1882, katika kitongoji cha Halensee, karibu na Berlin, watu waliona gari la kawaida la farasi, la magurudumu manne, likienda peke yake. Ndani yake zilifungwa mota mbili. Juu ya barabara zilipita nyaya mbili, na juu ya nyaya hizo kilikimbia kigari kidogo chenye magurudumu manane, kikiburutwa na gari kwa waya uliolegea. Nyaya zilikuwa mbili kwa sababu maalumu. Tramu huleta umeme kwa waya wa juu na kuurudisha kwa reli. Gari lisilo na reli halina pa kuurudishia, kwa hiyo lazima liwe na waya wa kwenda na waya wa kurudi. Njia yote ilikuwa mita 540 tu. Siemens aliliita gari hilo Elektromote. Vyombo kama kile kigari cha juu ndivyo vilivyokuja kuitwa troli, na hilo ndilo basi la troli la kwanza duniani.

Tarehe 13 Juni majaribio yakasimamishwa. Barabara ilikuwa mbovu, gari likitikisika, na kigari cha juu kilikuwa na matata yake. Njia ikavunjwa siku chache baadaye. Siemens alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, na kazi zilimzunguka kila upande: tramu, taa, dainamo, simu. Hakulirudia tena gari lile.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya heshima. Tangu mwaka 1872 alikuwa amewawekea wafanyakazi wake mfuko wa malipo ya uzee, wajane na mayatima, kabla serikali haijalazimisha jambo hilo. Hakusahau uyatima ulivyo. Alitoa kiwanja ili taifa lijenge taasisi ya vipimo na fizikia, iliyoanza mwaka 1887. Mwaka 1888 kaisari alimpa daraja ya ubwana, ndipo jina likawa von Siemens. Alistaafu mwaka 1890, akaandika kitabu cha maisha yake, na kilipotoka mwaka 1892 hakukaa nacho sana. Tarehe 6 Desemba mwaka huo aliaga dunia mjini Charlottenburg, zikiwa zimesalia siku saba tu atimize miaka sabini na sita.

WALIOKIOKOTA ALICHOKIACHA

Gari la nyaya mbili halikufa naye. Charles Van Depoele, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alikuwa ameshaonyesha kwamba badala ya kigari kinachokimbia juu ya waya ni afadhali kutumia ufito wenye springi unaousukuma waya kutoka chini. Mwaka 1901 Mjerumani Max Schiemann akautumia ujuzi huo katika gari lisilo na reli la kuchukua abiria, katika bonde la Biela. Mwaka 1911 miji ya Leeds na Bradford ikawa ya kwanza Uingereza. London ilianza mwaka 1931, ikafikia kuwa na mabasi ya namna hiyo zaidi ya 1,700.

Ni mabasi ya kupendeza. Hayanguruma wala hayatoi moshi, na kwenye mlima huyapita ya dizeli kwa urahisi. Lakini baada ya vita vya pili dizeli ilikuwa rahisi, nyaya ziliitwa uchafu wa mji, na barabara mpya zilitaka magari yasiyofungwa na waya. London iliyafuta Mei 1962. Bradford, iliyokuwa ya kwanza, ikawa ya mwisho Uingereza: tarehe 26 Machi, 1972. Mabasi yakapelekwa kwa wauza vyuma chakavu kukatwa kwa moto.

Hapo ndipo walipotokea watu ninaowastahi. Hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa watu wa kazi za kawaida waliopanda mabasi hayo walipokuwa watoto. Walichanga fedha zao wakanunua basi moja moja kabla ya moto kulifikia. Mwaka 1969 kikundi chao kilipata sehemu ya uwanja wa zamani wa ndege za vita huko Sandtoft, katika jimbo la Lincolnshire, mahali penye upepo na matope, pasipo na umeme wala jengo la maana. Walisimamisha nguzo wenyewe na kuzivuta nyaya wenyewe, kila mwisho wa juma, bila mshahara. Leo hapo ni makumbusho, na siku za maonyesho mabasi hayo hutembea chini ya nyaya na kubeba watu. Mojawapo ni lile nambari 844 la Bradford, lililofunga safari za mwisho mwaka 1972.

Kazi yao si ya kupaka rangi tu. Mbao za kiunzi huoza ndani ya bati, na fundi hana budi kulivua basi ngozi, kuchonga mbao mpya kwa kufuata zile mbovu, na kulivisha tena. Vichwa vya fito vina vipande vya kaboni vinavyosuguana na waya, navyo huliwa na kuhitaji kubadilishwa. Fito zikichomoka kwenye nyaya, kondakta huchomoa mwanzi mrefu uliowekwa chini ya basi, akazirudisha kwa mkono. Hatari kubwa ni umeme kuvuja. Basi lina magurudumu ya mpira, halishiki ardhi. Umeme ukivuja kwenye bodi, aliyemo ndani hasikii kitu, ila anayeshuka, mguu mmoja chini na mkono mmoja kwenye chuma, ndiye anayepigwa. Kwa hiyo hupima uvujaji kabla basi halijachukua watu. Kipimo kama hicho hakimo katika kitabu peke yake. Kimo mikononi mwa mzee aliyekifanya miaka thelathini, na asipompata kijana wa kumrithisha, huzikwa nacho.

Wako watakaouliza, faida yake nini? Jibu ni kwamba alichokiacha Siemens na kukifuta miji ya Uingereza sasa kinatafutwa tena. Zaidi ya miji 200 duniani bado ina mabasi ya troli. Kwao Siemens yapo katika miji ya Solingen, Esslingen na Eberswalde, na Solingen wanayo mabasi yanayojaza betri chini ya waya kisha yakaendelea mbele pasipo na waya. Marrakesh, kule Morocco, ilianza yake mwaka 2017. Hata Nairobi mabasi ya betri yamebeba abiria tangu mwaka 2022.

NA TROLI ZETU JE?

Neno troli halikuwa geni Mombasa. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ilianza kujenga reli nyembamba kwenda bara, ikaishia maili chache. Reli hizo zikahamishiwa mjini, na vigari vidogo vyenye kivuli vikawa vikipita kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Havikuendeshwa kwa mvuke wala kwa umeme. Vilisukumwa na watu kwa miguu yao, abiria ameketi kwenye kibao. Viliendelea hata miaka ya 1920, magari ya mota yalipovishinda. Njia zikang'olewa, na leo mtu akipita barabara ya Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue, hataona hata kipande cha reli.

Wazee waliokuwa wakikaa barazani walizisimulia troli hizo, na sisi tulisikiliza kwa sikio moja. Picha za abiria zipo katika vitabu vya Wazungu, bwana amevaa kofia yake. Majina ya waliosukuma hayapo. Jua lile lile, mlima ule ule wa kutoka Kilindini, na jasho la nani?

Ninaposoma maisha ya Siemens sioni kwamba alikosa kwa kuliacha gari lake. Binadamu mmoja hawezi kuvimaliza vyote, na yeye alimaliza vingi. Ninachojifunza ni kwamba kitu hakihifadhiwi na aliyekibuni, huhifadhiwa na wanaokipenda, nao mara nyingi ni watu wasiotajwa. Wale wa Lincolnshire hawakungoja serikali wala kampuni. Walikwenda kwenye matope na bisibisi mkononi. Kwetu hata bisibisi haihitajiki kuanzia. Katika masanduku ya nyumba zetu za Mji wa Kale zimo picha, risiti, funguo na kengele za mambo yaliyokwisha, na wapo wajukuu wa wasukuma troli wanaoyajua majina ya babu zao. Anayelijua jina na aliandike leo, aweke na mwaka na mahali, ampe mwanawe alisome.